Mlonge, mpungate, kitosani au tanini: kuchagua kigandishi cha asili cha kusafishia maji ghafi

Anayetaka kusafisha maji ya mto, bwawa au lambo bila kutegemea shabu hukutana mapema na majina mengi: mbegu za mlonge, ute wa mpungate, magamba ya kamba na kaa, magome ya muwati, na mengine yasiyo na idadi. Kila kimoja kina watetezi wake, na wengi wao husimulia matokeo waliyoyapata kwenye maji yao kana kwamba maji yote yana tabia moja. Ulinganisho huu unavichukua vigandishi vinne vinavyojulikana zaidi, ukiiweka shabu pembeni kama kipimo, na unaviuliza vyote maswali yaleyale.

Kwanza ni vyema kukubaliana kuhusu kazi yenyewe. Chembe nyingi zinazoyafanya maji yawe na tope, yaani udongo laini, mabaki ya mimea iliyooza na hata bakteria, hubeba chaji hasi juu ya ngozi yake. Kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, chembe hizo huelea kwa siku nyingi bila kutua. Kigandishi huvunja msukumano huo kwa njia mojawapo kati ya mbili: ama huleta chaji chanya inayoifuta ile hasi, ama huwa na molekuli ndefu kama nyuzi ambazo huzinasa chembe na kuziunganisha. Chembe zikishashikana hugeuka madonge, na uzito wa madonge ndio unaoyapeleka chini. Kazi ya kigandishi huishia hapo. Maji yaliyong'aa si lazima yawe maji salama, na kigezo hiki kitarudi mara kadhaa kwa sababu ndicho kinachosahauliwa zaidi.

Vigezo vitakavyotumika

Maswali ni matano. Je, kigandishi hufanya kazi katika maji ya aina gani, kwa kiwango gani cha tope na cha pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali)? Maandalizi yake yakoje, na kinahitajika kwa kiasi gani? Huacha nini ndani ya maji baada ya kutua? Masimbi yake, yaani tope linalobaki chini baada ya kutua, ni mengi kiasi gani, na yanatupwaje? Mwisho, hupatikana na huhifadhika kwa urahisi gani? Nionavyo mimi, swali la tatu ndilo linalopaswa kupewa uzito mkubwa kuliko yote, ingawa maelezo mengi ya vigandishi vya asili hulipita haraka na kukimbilia asilimia za tope lililoondolewa.

Vigandishi vinne kwa ufupi

Mbegu za mlonge zina protini ndogo zinazoyeyuka majini na kubeba chaji chanya, ambazo hufanya kazi karibu sawa na ile ya shabu. Matumizi yake ni ya zamani: katika vijiji vya kando ya mto Nile nchini Sudani, wanawake walijulikana kuyatua maji ya mafuriko kwa mbegu hizo, na pia kwa udongo maalumu wa mfinyanzi. India nako kuna desturi kongwe ya kusugua mbegu za mti uitwao nirmali ndani ya chombo cha maji.

Mpungate ni dungusi lenye vitanga bapa na miiba, ambalo asili yake ni bara la Amerika. Kinachotumika ni ute wake, wenye minyororo mirefu ya sukari na asidi zake. Ute huo hutegemea zaidi njia ya kuunganisha chembe kuliko ile ya kufuta chaji.

Kitosani hutengenezwa kutokana na kitini, dutu inayoyapa ugumu magamba ya kamba na kaa. Katika maji yenye asidi kidogo hubeba chaji chanya kwa wingi na pia ina molekuli ndefu, hivyo hutumia njia zote mbili kwa pamoja.

Tanini ni dutu kakasi ya mimea, na inayozungumziwa hapa ni ile ya magome ya mti wa muwati ambayo imeongezewa chaji chanya kiwandani. Tanini ghafi, ile inayotoka moja kwa moja kwenye gome, haiwezi kazi hii peke yake kwa kuwa yenyewe ina chaji hasi.

Aina ya maji

Hapa ndipo mlonge unapoonyesha nguvu yake na udhaifu wake kwa wakati mmoja. Katika maji yenye tope kali, kwa mfano yanayozidi NTU 150 (NTU ni kizio cha kupimia tope kwa jinsi chembe zinavyotawanya mwanga), mbegu hizi hufanya vizuri sana. Katika majaribio ya mtambo halisi huko Thyolo, Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji yaliyoingia yakiwa na zaidi ya NTU 270 yalitoka chini ya NTU 4 baada ya kutuamishwa na kupitishwa kwenye mchanga. Tope likipungua, hasa likiwa chini ya NTU 50, mambo hubadilika: chembe huwa chache na hukutana kwa nadra, madonge huwa mepesi, na maji huweza hata kubaki na ukungu zaidi ya pale yalipoanzia kwa sababu ya unga wa mbegu wenyewe. Baadhi ya waendeshaji hulikwepa tatizo hili kwa kuongeza udongo safi wa mfinyanzi kidogo au kurudisha sehemu ya masimbi ya awali ili chembe ziwe nyingi. Jambo hilo huweza kuonekana kichekesho, kuchafua maji ili yasafike, lakini lina mantiki kamili. Kwa upande wa pH mlonge hauna makuu: hufanya kazi katika wigo mpana na hauibadilishi pH ya maji, tofauti na shabu ambayo hula uwezo wa maji wa kuhimili asidi na wakati mwingine hulazimu kuongezwa chokaa.

Mpungate nao hupenda maji yenye tope, lakini hufaa zaidi pale pH inapokuwa juu, kati ya 8 na 10 hivi. Anayetumia maji yanayoelekea kwenye asidi asitarajie mengi kutoka kwake.

Kitosani iko upande wa pili wa mizani. Chaji yake chanya hutegemea asidi, na maji yakivuka pH 7 chaji hiyo hupungua kwa kasi. Katika maji ya pH ya chini au ya wastani huweza kuondoa tope na sehemu ya rangi inayotokana na majani yaliyooza. Tanini iliyobadilishwa hufanya kazi kuanzia pH 4.5 hivi hadi 8, nayo kama mlonge haiyumbishi pH.

Maandalizi na kiasi kinachohitajika

Mlonge mtu anaweza kuuandaa nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Maganda marefu huachwa yakauke mtini hadi yawe ya kahawia, mbegu huambuliwa maganda na mabawa yake, na viini vyeupe hutwangwa kuwa unga laini. Unga huo hukorogwa na maji safi kidogo, hutikiswa kwenye chupa kwa takriban dakika tano, kisha huchujwa kwa kitambaa, na kile kimiminika cheupe kama maziwa ndicho kinachomiminwa kwenye maji ghafi. Maji hukorogwa kwa kasi kwa dakika moja, halafu taratibu kwa dakika tano hadi kumi, kisha huachwa yatulie kwa saa moja au mbili. Hatua ya kukoroga taratibu haifai kurukwa, kwa sababu ndipo madonge yanapokua. Ukikoroga kwa nguvu muda wote, unayavunja tena.

Kwa kipimo cha nyumbani, kanuni inayotumika sana ni mbegu moja kwa lita nne pale tope likiwa chini ya NTU 50, mbegu moja kwa lita mbili likiwa kati ya 50 na 150, mbegu moja kwa lita moja hadi 250, na mbegu mbili kwa lita moja likizidi hapo. Mtambo mkubwa hauwezi kuhesabu mbegu, na hesabu yake inafaa kufanywa mapema kabla ya mtu kuvutiwa na neno "bure". Tuseme mtambo unasafisha mita za ujazo 1,000 kwa siku kwa kipimo cha miligramu 75 kwa lita. Huo ni unga wa kilo 75 kila siku, na kwa kuwa kiini kimoja kina uzito wa takriban gramu 0.2, ni viini 375,000 kwa siku na zaidi ya tani 27 kwa mwaka. Kuna namna ya kuupunguza mzigo huo: protini za mlonge hutoka kwa wingi zaidi unga ukilowekwa kwenye maji ya chumvi badala ya maji matupu, na mashudu yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta bado yana nguvu ya kugandisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuuza mafuta na kusafisha maji kwa kilichobaki.

Mpungate huandaliwa kwa kuondoa miiba, kukatakata vitanga, kisha ama kuloweka vipande ili ute utoke, ama kuvikausha na kuvisaga. Si kazi ngumu, ila matokeo hutofautiana kwa umri wa kitanga na msimu, na hivyo kipimo cha leo huenda kisiwe cha mwezi ujao. Wengi huutumia kama msaidizi wa shabu ili kupunguza kiasi cha shabu, na hapo hufanya vizuri kuliko ukiachwa peke yake.

Kitosani haiyeyuki katika maji matupu. Huyeyushwa kwanza kwenye asidi hafifu, kama ile iliyomo kwenye siki. Faida yake kubwa ni udogo wa kipimo, ambacho mara nyingi ni miligramu chache tu kwa lita. Mtambo uleule wa mita za ujazo 1,000 ungehitaji kilo 2 tu kwa siku ikiwa kipimo ni miligramu 2 kwa lita. Lakini udogo huo una hatari yake, kwa kuwa kitosani ikizidi huzipa chembe chaji chanya, nazo huanza kusukumana upya. Asiye na kifaa cha kupimia kwa uangalifu ataharibu maji akidhani anayasafisha zaidi. Tanini huja ikiwa tayari, ya kimiminika au ya unga, na hupimwa na kutiwa kama shabu inavyotiwa.

Kinachobaki ndani ya maji

Shabu huweza kuacha alumini iliyoyeyuka, hasa pH isiposimamiwa. Vigandishi vya asili haviachi metali hiyo, na hoja hii hutajwa kila mahali. Kisichotajwa sana ni kwamba huacha kitu kingine.

Mbegu ya mlonge ni chakula. Pamoja na protini inayogandisha, huingiza majini protini nyingine, sukari na mafuta ambayo hayana kazi yoyote hapo. Maada hii ogania huwa na madhara matatu. Kwanza, bakteria waliosalia huila na kuongezeka, ndiyo maana maji yaliyosafishwa kwa mlonge mbichi hayashauriwi kuwekwa zaidi ya siku moja, maana baadaye hubadilika harufu na ladha. Pili, hula klorini, hivyo kipimo cha kawaida cha klorini huenda kisitoshe. Tatu, ikikutana na klorini huzalisha kemikali zisizotakiwa. Dawa ya matatizo haya ni kutumia mashudu yaliyotolewa mafuta, au protini iliyotenganishwa na viambato vingine, au angalau kuyamimina maji maangavu kwenye chombo kingine mapema na kuyatia klorini baada ya hapo, kamwe si kabla.

Kuna pia dai kwamba mlonge huua vijidudu. Ni kweli kwamba bakteria hupungua kwa asilimia 90 hadi 99, kwa sehemu kubwa kwa sababu huzama pamoja na chembe. Asilimia 99 husikika kubwa, lakini maji yaliyokuwa na bakteria 10,000 katika kila mililita 100 yatabaki na 100, na idadi hiyo bado ni hatari kwa mnywaji.

Ute wa mpungate una tatizo lilelile la maada ogania, na ngozi ya kijani isipoondolewa huweza kuacha rangi. Kitosani ndiyo inayoacha kidogo zaidi, kwa sababu kilichotiwa ni kidogo na karibu chote huzama na madonge. Tanini ina hali yake ya pekee: ikibaki majini huleta rangi ya kahawia, na maji yenye chuma huweza kugeuka bluu nyeusi kama wino. Ni bora kuijua tabia hii kabla ya kununua.

Nyongeza moja kuhusu neno "asili". Kitosani hupatikana kwa kuyachemsha magamba kwenye magadi makali ya kiwandani, na tanini huongezewa chaji kwa kutumia formaldehidi. Hilo halizifanyi kuwa mbaya, ila linamaanisha kwamba mnunuzi anapaswa kudai uthibitisho kuwa bidhaa imeruhusiwa kwa maji ya kunywa, kama ambavyo angefanya kwa kemikali nyingine yoyote. Bidhaa hizo huuzwa pia kwa ajili ya maji taka, ambako masharti si makali.

Masimbi

Vyote vinne vinaishinda shabu hapa. Masimbi ya shabu ni mengi, yamejaa maji na yana alumini. Ya mlonge ni machache mno na huoza. Hata hivyo, kuoza si sifa tupu: masimbi yanayoachwa chini ya tangi kwa siku kadhaa hunuka na kurudisha uchafu juu, hivyo hutakiwa kuondolewa mara kwa mara. Yanaweza kutiwa shambani iwapo maji ghafi hayakuwa na sumu, kwa kuwa chochote kilichokuwa ndani ya maji, zikiwemo metali nzito, sasa kimo ndani ya masimbi.

Upatikanaji na uhifadhi

Mlonge hukua haraka na huvumilia ukame, lakini mbegu zina msimu. Zikihifadhiwa kavu ndani ya maganda hudumu vizuri. Zikishakuwa unga hupoteza nguvu kadiri miezi inavyopita, na kimiminika chake kinafaa kutumika siku hiyohiyo. Mpungate hupatikana mwaka mzima palipo na mimea hiyo, ingawa ute mbichi huharibika haraka. Kitosani na tanini hukaa muda mrefu na ubora wake ni ule ule kila pakiti ikiwa mtengenezaji ni mmoja, lakini zinamfunga mtumiaji kwa muuzaji, utegemezi uleule ambao wengi walitaka kuukimbia walipoiacha shabu.

Nani achague nini

Familia au kikundi kidogo kinachochota maji ya tope kali msimu wa mvua, na chenye miti ya mlonge karibu, kina sababu nzuri ya kuanza na mlonge, mradi maji yachujwe, yatiwe klorini au yachemshwe, na yatumike siku hiyo. Wanaotegemea jua kuua vijidudu wanaweza kupima kwa chupa: simamisha chupa angavu iliyojaa maji juu ya karatasi yenye herufi kubwa za kichwa cha habari, uangalie kupitia mdomoni, herufi zikisomeka, tope limeshuka kiasi cha kuruhusu miale ipenye.

Penye maji yenye pH ya juu na mpungate tele, ute wake unastahili kujaribiwa, hasa na mtambo mdogo unaotaka kupunguza shabu badala ya kuiacha. Shule, zahanati au mradi wa maji wenye fundi wa kudumu, mizani sahihi na maji yasiyozidi pH 7 utanufaika na kitosani, maana gharama ya kusafirisha na kuhifadhi kilo chache ni ndogo. Mtambo wa mji unaotaka kuondoka kwenye shabu bila kubadilisha pampu na matangi yake utaona tanini ndiyo inayofanana zaidi na mazoea yake, isipokuwa kama maji yake yana chuma. Na kama mtambo huo unaendeshwa vizuri, alumini yake iko chini ya miligramu 0.2 kwa lita na masimbi yana mahali pa kwenda, sioni aibu yoyote ya kubaki na shabu.

Yeyote kati yao afanye jaribio la bilauri kabla ya kuamua: bilauri sita za maji yaleyale, vipimo sita tofauti vya kigandishi, kukoroga haraka dakika moja, kukoroga taratibu dakika kumi na tano, kisha kusubiri nusu saa na kulinganisha. Jaribio lirudiwe kiangazi na masika, kwa sababu mto mmoja una maji mawili. Kisha maji ya bilauri iliyoshinda yaachwe mezani hadi kesho yake na yanuswe.

Aliye na maji ya kisima yaliyo angavu tayari lakini yenye bakteria hana haja na chochote kati ya hivi, kwa kuwa hakuna chembe za kushikanisha. Akitia mlonge atawaongezea bakteria chakula. Huyo aende moja kwa moja kwenye klorini au kuchemsha.